Kamanda wa Saluni ya Gemu

Mtu akiniuliza niliingiaje kwenye gemu za kizamani, mimi mwanamke mzima mwenye binti anayenizidi urefu, namjibu kwamba nilikwenda kusukwa. Hapo huwa hanielewi, na mimi kueleza jambo mara mbili sikuumbiwa, kwa hiyo leo naeleza mara moja na iishe.

Saluni ya Kamanda ni chumba kimoja, kati ya duka la vifaa vya umeme na kibanda cha fundi viatu. Ukutani kuna kioo kirefu kilichopasuka pembeni, kikazibwa kwa karatasi ya gundi. Kuna viti vitatu vya wateja, stuli ya Kamanda mwenyewe, beseni la kuoshea nywele, draya inayounguruma kama inadai haki yake, na mafungu ya nywele za bandia yanayoning'inia kwenye misumari. Pale ambapo saluni nyingine hubandika picha za mitindo, yeye ameweka televisheni nene yenye kisogo, na chini yake mashine ya gemu ya kaseti, ile ambayo ikigoma unachomoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Mashine ilikuwa ya binti yake. Binti alipokwenda kusomea uuguzi, Kamanda aliona ni dhambi kitu kizima kulala kabatini, akakileta kazini ili wateja wasisinzie.

Maana kusukwa si kazi ya kupepesa jicho. Unaweza kuingia asubuhi ukatoka jua limegeuka. Kwa hiyo unakaa, unapewa pedi ya kuchezea mkononi, naye nyuma yako anaanza kuchambua nywele huku akipiga soga na mteja wa kiti cha pili. Umekodoa macho kwenye skrini, unasubiri yule kijana wako mdogo afike ukingoni mwa shimo, mara sauti inatoka nyuma ya sikio lako: "Ruka." Ukiruka, unapona. Ukijifanya mjuaji, unatumbukia. Hakutazama, alikuwa katikati ya habari za harusi ya jirani, lakini alijua. Ndivyo jina la Kamanda lilivyomganda, na lile alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mimi kazi yangu ni kusoma mita za maji. Naingia kwenye nyua za watu, nafukuzwa na mbwa wao, nafunua kifuniko, napangusa matope na kusoma tarakimu ndogo kama punje za ulezi. Pale saluni naitwa Mita. Macho yangu ni makali, na ulimi wangu, kwa maneno ya wanaonipenda, umeyazidi macho.

Wengine wetu ni wawili. Wa kwanza ni Mwokaji, mwenye tanuri la mikate mtaa wa pili, mtu mnene mpole anayenukia hamira hata akitoka kuoga. Alikuja siku moja kumsubiri mkewe anayesukwa, akapewa pedi ashike kidogo. Mke akamaliza, akajitazama kwenye kioo, akaenda zake. Mume akabaki hadi saluni inafungwa. Wa pili ni Shemeji, mdogo wa marehemu mume wa Kamanda, fundi wa televisheni na redio. Sote tunamwita Shemeji ingawa ni shemeji wa mmoja tu. Yeye na Kamanda wanataniana tangu siku ya harusi. Alikuwa akimwambia kwamba kaka yake alioa jeshi zima bila kujua, na Kamanda akimjibu kwamba hata jeshi lina wapishi na wafua nguo, aje aombe kazi.

Shemeji ndiye aliyetuletea ugonjwa wenyewe. Katika kutengeneza televisheni za watu alifika kwenye mkahawa mmoja mji wa jirani, akakuta mashine kubwa ya gemu, ile ya kusimama, yenye umbo la kabati, inayokula sarafu. Ilikuwa jikoni na juu yake wamepanga masufuria. Aliiwasha, ikawaka. Akarudi na habari hiyo kama ya kuzaliwa mtoto. Jumatatu iliyofuata, maana Jumatatu Kamanda hufunga saluni, tukaingia kwenye gari la marehemu mumewe, lile la buti refu, tukaenda. Tulicheza jikoni humo huku wapishi wakikata vitunguu pembeni yetu, tukilia na kupiga risasi kwa pamoja.

Tangu siku hiyo hatukutulia. Tukisikia kuna mashine imesahaulika mahali, kwenye ukumbi wa hoteli, kituo cha mafuta, kilabu cha wastaafu, tunakwenda. Mwokaji anatoa mikate yake alfajiri, anaoga, anakuja na kapu lenye mkate wa zabibu wa kula njiani. Mimi nabadilishana zamu na mwenzangu wa ofisini, ambaye anaamini nina mgonjwa ninayemhudumia. Mahali fulani Shemeji alifungua mlango wa nyuma wa mashine akitafuta fyuzi, akakuta kuku ameatamia mayai juu ya nyaya zenye joto. Tukakubaliana kuku asisumbuliwe, tukala maharage, tukarudi bila kucheza na bila kinyongo.

Tulikuwa na sharti letu moja. Anayekufa wa kwanza kwenye mashine ndiye anayeagiza chakula cha wote, na hakuna ruhusa ya kuguna. Mwokaji alikufa wa kwanza mara nyingi mno, hadi tukamshuku kwamba anajiua makusudi, kwa sababu anajua kuagiza: samaki wa kukaanga waliokauka vizuri, wali, mboga za majani, na mkate wa pale auonje, aunuse, kisha aseme kwa huzuni kwamba hamira yao imelala. Shemeji akiagiza ni maini. Mwaka mzima maini. Mimi nilipokufa wa kwanza niliagiza kuku wa pilipili kwa hasira, tukala huku kamasi zinatutoka, na hakuna aliyeguna.

Kamanda hakuwahi kuagiza, kwa kuwa hakuwahi kufa wa kwanza. Alikuwa anasimama mbele ya mashine ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea wa ukutani, mkono mmoja kwenye kijiti na mwingine kwenye vitufe, na ndege za adui zinaanguka kama mvua ya mawe. Watu waliacha sahani zao kuja kumtazama. Mimi sipendi kushindwa, lakini kushindwa na yeye nilikuwa nimekuzoea.

Na tulikuwa na gemu nyingine, aliyoibuni mwenyewe, ya njiani. Aliyekaa kiti cha mbele lazima amsomee dereva barabara, kama wale wasomaji wa mashindano ya magari. Unasema kila kinachokuja: kona ya kushoto, tuta, baiskeli kulia, lori limewasha taa, mbuzi wawili hawajaamua. Ukisahau kitu, Shemeji kutoka nyuma anakukata pointi. Tuliipenda gemu hiyo kuliko tulivyowahi kuipenda redio ya gari. Mwokaji aliijaribu akawa anachelewa, anatangaza tuta tukiwa tayari tumeruka nalo. Basi mimi, kwa ulimi wangu huu, nikafanywa msomaji wa kudumu. Nilijivuna sana. Nilikuwa nasoma safari nzima bila kumeza mate, na Kamanda akipita kwenye kona taratibu, usukani umekaa sawa, ananiambia, "Mdogo wangu, wewe ulizaliwa kwa kazi hii."

Hoteli iliyotufundisha adabu ilikuwa karibu na stesheni ya treni. Huko kulikuwa na kundi jingine la watu kama sisi, likiongozwa na daktari wa meno, bwana mmoja mrefu mwenye vidole vyembamba na majigambo ya kistaarabu. Alisikia habari za Kamanda, akawa anatupigia simu kutualika. Mashine yao ilikuwa ya ndege, gemu ileile ambayo Kamanda alikuwa akiimudu usingizini. Kwa wiki kadhaa nilimpa daktari wa meno vidonge vyake kwenye simu. Nilimwambia aandae chakula, maana wataagiza wao.

Tulifika mchana. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, tenki la samaki lisilo na samaki, na mashine imesimama kwenye pembe. Tulisalimiana, tukakaguana kama mabondia. Daktari wa meno alicheza kwanza, akafika mbali, akainama kidogo akipigiwa makofi. Kisha akaingia Kamanda. Aliweka sarafu, akashika kijiti, na kabla hata zile ndege za mwanzo hazijajipanga, akaanguka. Watu wakacheka kwa upole. Akaweka sarafu nyingine. Akaanguka palepale. Ya tatu ikawa vilevile, ndege yake ikaenda yenyewe kugonga adui kana kwamba inamkumbatia.

Shemeji alimwambia ameanza kucheza kama mke wa kaka yake badala ya kamanda. Daktari wa meno, kwa ustaarabu wake unaoudhi, akasema huenda kijiti ni kigumu. Mimi damu ilinichemka. Nilidhani Kamanda anatufanyia makusudi, ametuchosha njia nzima aje kutuaibisha. Ndipo nikamwona anainama na kubandika sikio kwenye ubavu wa mashine, penye vile vitundu vya spika.

"Hii haisemi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama mwenye hoteli akaeleza kwamba alikata waya wa spika. Wageni wanaoshuka kwenye treni ya asubuhi hulala mchana, na kelele ziliwaudhi. Shemeji akataka kuuunga, alikuwa na koleo mfukoni kama kawaida yake, lakini mama alikataa katakata. Kamanda alicheka kidogo na kusema haidhuru, leo ataagiza yeye, tuonje na yake. Watu wakasogea mezani.

Mimi sikusogea. Kichwani mwangu kulikuwa kumeanza kitu nisichokitaka. Nilimkumbuka akisema ruka bila kutazama. Nilikumbuka menyu zote alizoniambia nimsomee kwa kuwa miwani ameisahau, na sikuwahi kuiona miwani yenyewe. Nikaenda nikasimama mbele yake, hatua chache tu, penye mwanga wa dirisha, na nikamtolea ulimi. Mwanamke huyu aliwahi kumfukuza mteja saluni, nusu kichwa kimesukwa na nusu bado, kwa sababu alimbetulia mdomo. Aliniangalia usoni, au aliangalia pale uso wangu ulipokuwa, akaendelea kutabasamu. Nilirudisha ulimi wangu mdomoni.

Nilimfuata kwenye beseni la kunawia mikono, nikamwinulia vidole.

"Dada, hivi ni vingapi?"

"Usinifanyie mtihani, mdogo wangu."

"Ni vingapi?"

Alinyoosha mkono haraka, akanikamata kiganja, akavipapasa. "Vitatu," akasema, na kwa nukta moja akawa na ule uso wake wa ushindi. Kisha ukamtoka. Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika, nikayafunga mimi.

Akaniambia pale pale, mgongo kwa watu, kwamba jicho la kulia halina kazi tangu zamani, na la kushoto limeingia ukungu, unazidi kila mvua zikipita. Akaniambia habari za mama yake mzazi. Alipelekwa hospitali akiwa anaona vivuli, akapasuliwa, akatoka haoni hata hivyo vivuli, akaishi miaka yake yote iliyobaki akiulizia kama ni mchana au usiku. Yeye akasema heri ukungu wake anaoujua. Na akiwa kipofu atasuka nini, ataendesha nini, nani atamchukua safarini awe mzigo? Niliposema hatuwezi kumwacha, akasema ndivyo watu wote wanavyosema mwezi wa kwanza.

"Usiwaambie," akasema. "Turudi nyumbani kwanza."

"Nani anaendesha?"

"Mimi. Wewe utasoma."

Aliagiza nyama ya kuchoma na viazi, na wote wakasifu. Sijui ilikuwa na ladha gani. Nilikuwa nahesabu moyoni barabara zote nilizomsomea, na ile mara niliyosinzia kidogo, na ile mara nilipokuwa nafungua mkate wa zabibu. Tulidhani tunacheza. Watu wazima wanne, mmoja wetu anasoma mita kwa riziki yake, tukawa tunatunga pointi za gemu huku mwenzetu anaendesha kwa masikio. Nilimpenda na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa wakati mmoja.

Tuliagana, tukaingia garini. Kamanda akawasha injini, akafunga mkanda, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Soma," akasema.

"Leo sisomi."

Nyuma Shemeji akauliza kama nimegomea posho. Nilikunja mikono kifuani. Injini ikaendelea kunguruma, na Kamanda hakuingiza gia. Mwokaji, ambaye hapendi ugomvi, akaanza kutugawia mkate.

"Mita," Kamanda akasema. "Tafadhali."

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kusikia neno hilo likitoka mdomoni mwake. Nilikaribia kulegea. Lakini mbele ya gari letu, karibu kabisa na boneti, mama mmoja alikuwa amesimama na begi la safari kichwani, na binti yake mdogo amechutama anajifunga kamba za viatu. Walikuwa wametoka stesheni. Tuliwaona sisi watatu. Shemeji akafungua mdomo, nikamwinulia mkono anyamaze.

"Nisomee wewe leo, dada," nikasema. "Mbele yetu kuna nini?"

Akasogeza uso hadi karibu na kioo. Alitazama muda mrefu, kwa bidii ya mtu anayetaka sana kuwa mkweli.

"Barabara," akasema. "Hakuna kitu."

Yule mtoto akamaliza kiatu chake, akasimama, akacheka kwa jambo lake mwenyewe. Kicheko kikaingia dirishani. Kamanda akakisikia, akajua kimetoka wapi. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo, akazima injini. Kisha akauchomoa ufunguo na kuupitisha nyuma juu ya bega bila kugeuka.

"Shemeji, njoo uendeshe," akasema. "Mimi sioni."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kamanda nilimuumbua mimi, mapema, na sijutii. Nililia, nakiri, tena kwa sauti mbaya. Shemeji akashuka, akamfungulia mlango, akamshika mkono kumpeleka kiti cha nyuma, na hakufanya utani hata mmoja hadi tulipotoka mjini. Hapo ndipo akasema anaona upweke mbele huku, nani atamsomea. Kamanda akamjibu kutoka nyuma kwamba yeye ana macho yake mwenyewe, asome kimoyomoyo, na tukacheka kicheko kile cha watu waliotoka msibani.

Kumkubalisha kwenda hospitali kulikuwa vita vingine. Nilimpigia simu binti yake muuguzi, naye akaja na basi la kwanza, akatugombeza sote kwa zamu, akianza na mimi niliyempigia. Daktari wa macho alimpima Kamanda, akamuuliza habari za mama yake kwa utaratibu, na kumweleza kwamba kwa alivyosikia ugonjwa wa mama ulikuwa presha ya jicho iliyochelewa, mambo mengine kabisa. Wake yeye ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Shemeji akasema kumbe ana watoto wawili, mmoja muuguzi na mmoja mkorofi, na huyu mkorofi hakumtambulisha kwenye ukoo. Kamanda akacheka. Nilipomwona anacheka nikajua atakwenda, ingawa mikono yake ilikuwa baridi kama chupa ya soda.

Siku ya kupasuliwa tulijaa kwenye ukumbi wa kusubiri. Mwokaji alileta mikate ya kulisha kambi nzima, akawagawia hadi wagonjwa wengine, na mzee mmoja mwenye bandeji akamwambia hamira yake iko macho, jambo lililompa furaha ya wiki. Mlango ulipofunguliwa, Kamanda akaitwa kwa lile jina la kitambulisho, hakuna kati yetu aliyejua ni yeye. Ilibidi binti yake amsukume.

Alipasuliwa jicho la kushoto kwanza, la kulia baadaye. Lile la kulia halikurudi sawasawa. La kushoto lilirudi lote.

Na hapo ndipo bingwa wetu alipokufa kisoka, kama wasemavyo vijana. Siku aliyoruhusiwa kurudi kwenye skrini, alishika pedi, akaanza, akatumbukia kwenye shimo la kwanza. Alikuwa anatazama mawingu. "Kumbe kuna mawingu," akasema. "Mlikuwa mnacheza na mawingu haya yote?" Akaanza tena, akafa akitazama maua. Kusikia kulimwambia ruka, macho yakamwambia hebu subiri uone, na vidole havikujua vimsikilize nani. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikubali kwa furaha iliyotushangaza. Safari ya kwanza tuliyofanya, Shemeji akiwa dereva, alikufa kabla ya Mwokaji, akaagiza samaki, na kula taratibu akimtazama samaki mwenyewe, mkia, mapezi, mpaka Mwokaji akamwambia ampe nafasi marehemu apumzike.

Saluni ilifunguliwa tena Jumanne. Nilikuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa nywele zangu alizisuka kabla ya hospitali na zilikuwa zimeota. Mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, alifika nyuma yangu, akakaa kiti cha pili kusubiri zamu yake. Kamanda alinivua kitambaa, akakusanya misuko yangu mkononi, kisha akatulia. Sikusikia kitana. Nikamtazama kwenye kioo, nikaona ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mistari yako imepinda," akasema.

"Imepinda kidogo."

"Si kidogo. Huu umeanzia sikioni ukaenda kulala kisogoni." Aliupitisha kidole. "Nimekusuka hivi tangu lini?"

Nikamwambia ni muda sasa. Akaniuliza nilitembea hivi barabarani, kwenye nyua za watu, ofisini, na sikusema neno, mimi nisiyeweza kumeza neno hata nikilipwa. Nilimweleza ukweli. Nilidhani ni mimi. Nilidhani natikisa kichwa nikicheza, namharibia kazi, na nikisema ataninyang'anya pedi.

Mwalimu wa chekechea akaangalia chini. Akasema hata yeye alidhani ni yeye. Mumewe alimwuliza mara nyingi kwa nini hahamii saluni ya kule barabarani, akawa anamjibu kwamba kosa ni lake, hajui kukaa. Mke wa Mwokaji alikuwa hivyo, dada wa duka la umeme alikuwa hivyo. Mtaa mzima ulikuwa unatembea na mistari iliyopinda, kila mmoja akijilaumu kimya kimya, na hakuna aliyeondoka.

Kamanda alikaa kwenye stuli yake. Machozi yakamtoka macho yote mawili, jicho zima na lile lisilo zima, na nilipomkumbusha kwamba daktari alikataza asiyasugue, akaniambia ninyamaze. Akakizungusha kiti changu mpaka nikampa uso badala ya kisogo. Alinitazama paji la uso, pua, mdomo huu wangu, bila haraka, na mimi sikujua pa kuweka macho yangu. Kisha akanigeuza tena, akachukua kitana, akaanza kunifumua msuko mmoja mmoja tangu mwanzo.